Safari na Mgeni: Neno Lililotutoka Likarudi Limegeuka



Liko neno moja la Kiswahili ambalo leo halihitaji mkalimani. Ukilitamka Ulaya, ukilitamka Marekani, watu watakufahamu. Neno hilo ni safari. Lakini muulize mtu wa huko maana yake. Hatakwambia kuwa safari ni mwendo wa mja kutoka mji hadi mji kwa haja yake. Atakwambia kuwa safari ni gari lililo wazi juu, na simba aliyelala chini ya mti, na baada ya siku chache za mbuga, wiki nzima ya kujinyosha ufukweni chini ya mnazi. Kwake yeye safari ni kitu kinachonunuliwa kwa bei maalumu, na siku zikisha huwa kimekwisha.

Basi nataka leo tuifuate khabari ya neno hili, tuone lilikotoka, lilikopita na lilivyorudi kwetu. Sitaki kumlaumu mgeni. Mgeni ana makosa yake, na tutayataja. Lakini katika khabari hii yamo pia makosa yetu sisi wenyeji, nayo ndiyo yaliyo katika uwezo wetu kuyatengeneza.

SAFARI ILIVYOKUWA

Neno safari tumelipata kwa Waarabu, na pamoja na neno tukapata hukumu zake. Msafiri katika Sharia ni mtu mwenye udhuru. Amepunguziwa sala za rakaa nne ziwe mbili. Ameruhusiwa kufungua katika Ramadhani akalipa baadaye. Naye akikatikiwa njiani amewekewa fungu lake katika zaka, hata kama kwao ana mali. Kwa nini? Kwa sababu safari ni mashaka. Humnyima mtu usingizi, chakula na watu wake. Na kwa kuwa msafiri ni dhaifu, haki yake imewekwa juu ya mwenyeji. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumkirimu mgeni, na kwamba ukarimu huo ni siku tatu. Wazee wetu wa Kiswahili wakapunguza kidogo, wakasema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

Je, wazee wetu waliyatenda hayo, au waliyasema tu? Shahidi yupo. Mwaka 1331 alipita pwani hii Ibn Battuta, mtu wa Tangier, aliyetembea dunia karibu miaka thalathini na khabari zake zikaandikwa aliporudi kwao Morocco. Alifika kwanza Mogadishu, kwa jirani zetu wa Banadiri. Anaeleza kuwa chombo kikifika bandarini, mashua ndogo hutoka kukilaki. Ndani ya kila mashua wamo vijana wa mjini, na kila kijana amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humwendea mfanyi biashara mmoja katika wale waliomo chomboni, humpa kile chakula, na husema kuwa huyu ni mgeni wake. Basi mgeni akishuka hushukia nyumbani kwa kijana yule.

Wala haikwisha hapo. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Na mtu akinunua kitu kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu na mwenyeji wake hayupo, biashara ile kwao huhisabiwa kuwa batili. Zingatia hapa, msomaji. Mgeni asiyejua bei za mji alikuwa na mtu wa kumlinda asidhulumiwe, na mtu huyo alikuwa ni kijana wa pwani.

Kisha akafika Mombasa, akalala usiku mmoja. Alilokuja kulisimulia ni usafi wa watu na dini yao, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima vilivyo milangoni mwa misikiti ambapo mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Akaendelea mpaka Kilwa, akamkuta Sultani Hasan, ambaye watu walimpa jina la Abul-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Huko anasimulia kisa cha fakiri mmoja kutoka Yemen, aliyemsimamisha Sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani aliingia nyumbani kwa khatibu, akazivua, akavaa nyengine, na zile akampa fakiri.

NJIA YA BARA

Ziko na safari nyengine, zile za bara. Katika karne ya kumi na tisa misafara mikubwa ilitoka Bagamoyo, Pangani, Mombasa na Kilwa ikaenda mpaka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mbele huenda kirongozi na bendera, nyuma wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo thelathini. Wengine walichukua pembe za ndovu mabegani mwendo wa miezi.

Njia hiyo imetuachia maneno. Posho ilikuwa chakula cha kila siku cha mpagazi, au kitambaa alichopewa akakinunulie chakula. Na hongo, neno ambalo leo ni la aibu, lilikuwa ni ada ambayo mwenye msafara alimpa mtawala wa nchi ili apite kwa amani katika ardhi yake. Hongo ilitolewa kwa wazi, mchana, mbele za watu, na kila msafara ulijua kuwa nchi ina mwenyewe. Siku hizi hongo hutolewa kwa siri, na mara nyingi hutolewa ili mwenye nchi asijue ardhi yake imekwenda wapi. Neno ni lilelile, lakini tazama lilivyoanguka!

Lakini, ndugu yangu, historia si kanzu ya Idi, tuitoe siku ya kujipamba tu. Katika njia hizohizo walitembezwa watu wamefungwa shingoni, wakauzwa, na katika waliowauza walikuwamo Waislamu wa pwani hii. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, na halikufungwa kwa mawaidha yetu. Waliotendewa hayo nao walikuwa ni wageni waliopita milangoni mwetu. Haki yao ya mgeni ilikuwa wapi? Swali hili tulichukue moyoni tunapojisifu kwa ukarimu.

NENO LINATUTOKA

Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 pamoja na Speke kutafuta maziwa ya bara, ni katika watu wa mwanzo kuliandika neno safari katika Kiingereza. Wakati huo lilikuwa bado na maana yetu. Safari yao ilikuwa ni miguu, homa na njaa, na waliowafikisha walikuwa ni viongozi na wapagazi wa huku, kama Sidi Mubarak Bombay. Na Livingstone alipokufa mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao ndio waliouchukua mwili wake kutoka bara mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi mingi, wakaufikisha mwaka 1874. Hiyo nayo ni amana ya safari, kuirudisha maiti ya mgeni kwa watu wake.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Njia ya miezi ikawa njia ya siku chache, na mtu aliyependa kuwinda akaweza kwenda bara bila ya mashaka ya wale wa mwanzo. Mwezi wa Aprili mwaka 1909 alishuka Mombasa Theodore Roosevelt, majuma machache baada ya kuacha urais wa Marekani. Alipanda gari la moshi, na sehemu ya njia akaketi mbele kabisa ya injini ili aone wanyama. Nyuma yake walifuata wapagazi zaidi ya mia mbili, mahema, na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Ni kweli kuwa ngozi na mifupa mingi ilikwenda katika majumba ya elimu, na elimu ina heshima yake. Lakini waliosoma khabari zake katika magazeti na katika kitabu chake walitamani bunduki kuliko elimu, na tangu hapo matajiri wakawa wanakuja kuua ili wapigwe picha wamesimama juu ya walichokiua. Dini yetu imehalalisha kuwinda kwa chakula. Ama kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo, hilo Mtume (S.A.W.) amelikataza.

Hapo ndipo neno lilipogeuka. Safari ikawa si kwenda mahali kwa haja. Safari ikawa ni starehe yenyewe.

Baadaye watu waliona kuwa wanyama watakwisha. Zikawekwa mbuga za hifadhi: Nairobi mwaka 1946, Tsavo mwaka 1948, Serengeti mwaka 1951. Kenya ikakataza uwindaji wa starehe mwaka 1977, na kamera ikashika mahali pa bunduki. Hilo ni jambo jema, na asiyesema hivyo hakutenda haki. Lakini jema hilo lilikuwa na gharama, na gharama hiyo hawakuilipa wageni. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga Serengeti waliondolewa ili mbuga ibaki ya wanyama. Mwenyeji alitolewa nyumbani mwake ili nyumba ipendeze kwa mgeni.

PWANI INAPOUZWA

Pwani kwetu haikuwa mahali pa kulala mchana. Ilikuwa mahali pa kazi. Hapo ndipo mafundi walipounda vyombo na kuvitia kalafati, wavuvi walipoanika nyavu, na mama zetu walipofukia makumbi mchangani yaoze, wayatwange, wasokote kamba. Mtoto aliyekwenda pwani alitumwa.

Tangu miaka ya 1960, ndege kubwa zilipozidi, kampuni za Ulaya zikaanza kuuza mbuga na pwani kwa pamoja. Mtu hulipa kila kitu kwao: ndege, hoteli, simba na bahari. Mahoteli yakasimama Diani, Nyali, Malindi, na baadaye pwani za Unguja. Mimi sisemi kuwa hayakuleta kheri. Vijana wengi walipata kazi, na nyumba nyingi zililishwa kwa kazi hizo. Lakini pesa iliyolipwa kule nyingi yake ilibaki kulekule, na iliyotufikia sisi ilikuwa ni mshahara na bakhshishi.

Na ardhi? Mambo yake yalianza mapema. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Mwenye madai ayalete yasajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikahisabiwa kuwa ya serikali. Wengi hawakujua, na wengi hawakuwa na karatasi, bali walikuwa na makaburi ya babu zao na minazi yao. Utalii ulipokuja na mchanga ukapata bei, walikuta wameitwa maskwota katika mahali walipozaliwa. Na wale waliokuwa na hati, baadhi yao waliuza. Mzee huuza shamba la minazi la urithi, pesa ikaliwa kwa mwaka mmoja, na mwanawe akarudi kwenye shamba lilelile akiwa bawabu wa lango. Njia ya mvuvi ya kushukia baharini ikapita ndani ya uwa wa mtu mwengine, ikafungwa.

Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona na ndege zikasimama, tuliona tulipofika. Mahoteli yalifungwa, na vijana wakarudi nyumbani mikono mitupu. Asiye na minazi, asiye na mashua, asiye na fundi wa kumfunza kazi, alikuwa akimngoja mgeni tu.

Nisiache na jambo jengine, maana kulinyamazia ni khiyana. Tarehe 28 Novemba 2002 watu walioitakidi kuwa wanaitetea dini walilipua hoteli moja Kikambala. Walikufa Wakenya kumi na wageni watatu, na katika Wakenya hao walikuwamo wachezaji ngoma waliosimama mlangoni kukaribisha wageni. Mgeni aliyeingia nchi kwa ruhusa yake yuko katika amani. Wanavyuoni wetu wameandika hayo katika vitabu tunavyosomesha. Kumwua mtu huyo ni kuvunja ahadi, na kumwua mwenyeji aliyesimama kumlaki ni dhulma juu ya dhulma.

MAALIM NA MADAFU

Sasa nikusimulie langu, msomaji, kwa kuwa nimewasema wengine.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, katika miaka ya mwanzo ya 1970, nikisoma chuoni katika Mji wa Kale, Mombasa. Tukitoka chuoni jioni tulikimbilia nje ya Ngome. Watalii walipotoka, sisi na juzuu zetu kwapani tuliwazunguka, tukipiga kelele "Jambo! Jambo!" na mikono tumeikunjua. Hata salamu tulikuwa tumeikata. Mtu huulizwa hujambo, yaani hakuna jambo lililokufika? Sisi tulimpigia mgeni kelele ya jambo tupu, naye akadhani ndiyo heshima yetu. Alitupa senti, tukagombana nazo.

Siku moja Maalim wetu, Mungu amrehemu, alitupitia. Hakusema kitu. Kesho yake alituuliza, "Jana mmepata nini?" Tukatoa senti zetu kwa furaha. Akauliza tena, "Na mgeni amepata nini?" Tukanyamaza. Akasema, "Mgeni ndiye wa kupewa, nanyi mwamwomba? Nani alikufunzeni hivi, mimi au baba zenu?" Alama ya aibu ile ninayo mpaka leo.

Jioni ile alinunua madafu manne kwa pesa yake, akatuweka barazani, akangoja. Akapita mzee mmoja wa Kizungu na mkewe pamoja na dereva wao. Maalim akatuma tuwapelekee madafu. Wakanywa. Yule mzee akatia mkono mfukoni, na Maalim akamrudishia mkono wake, akamwambia dereva, "Mwambie hii si biashara." Wakakaa barazani nusu saa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia mtalii akiulizwa ametoka mji gani, ana watoto wangapi, na wazee wake wako hai? Ikaonekana kuwa yeye naye alikuwa mwalimu wa watoto, na Maalim akacheka akamshika mkono.

Walipoondoka njia yao ilipita mbele ya msikiti, na yule bibi alikuwa mabega wazi. Maalim akaagiza leso kutoka ndani, akamwomba ajitande. Alijitanda bila ya kinyongo, akashukuru.

Mimi nimekaa na kisa hiki zaidi ya miaka hamsini, nikisomesha watoto wa wenzangu, na nimeona kuwa ndani yake mna jawabu. Yule aliyempa mgeni maji aliweza kumwambia, "Hapa kwetu, jisitiri," na akasikilizwa. Sisi tuliomwomba senti tungemwambia nini? Mtu hapokei amri kwa anayemnyoshea mkono. Tunalalamika kuwa watalii hawaheshimu miji yetu, wanapita nusu uchi, wanawapa watoto wetu mambo ya haramu. Ni kweli, na wanakosea. Wazee walisema ukenda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Lakini heshima ya mji huwekwa na mwenye mji, na mwenyeji akijifanya mwombaji, ataonekana hivyo.

Vijana wa mwaka 1331 walitoka na mashua kumlaki mgeni, na mikononi wana sahani za chakula. Sisi tulitoka mbio kumlaki mgeni, na mikono mitupu. Pwani ni ileile.

Basi nikuombe machache. Wewe kijana unayemwongoza mgeni, mwambie kweli ya mji wako, na bei ya haki. Usimpunje kwa kuwa ni tajiri, kwani mali yake haijahalalika kwako kwa wingi wake. Wewe mfanyi kazi wa hoteli, ujira wa kufagia, kupika na kulima bustani ni halali yako. Ukitakiwa kufanya lililoharamishwa, muulize mwanachuoni aliye karibu nawe kabla hujatia saini. Wewe mzazi mwenye kipande cha ardhi karibu na maji, kabla ya kuuza waite wanao na umwite mtu ajuaye sheria, na ujiulize mwanao atapita wapi kushuka pwani. Nanyi mlio na sauti katika mabaraza, zidaini njia za wavuvi, zisajiliwe kwa majina.

Na sisi sote tujiangalie tunapokuwa wageni. Leo nasi twasafiri, twenda Hijja, twenda Dubai, twenda London. Waswahili wana msemo kuwa msafiri kafiri, yaani mtu akiwa mbali na wanaomjua huacha aliyokuwa akiyashika kwao. Msemo huu tumewatupia watalii, nao unatufaa sisi vilevile.

Kesho mwanao akitoka chuoni na kumkuta mgeni njiani, atakuwa na nini mkononi? Hilo ni lako wewe na yeye.

Wabillahi tawfiq.